Kuku wa Kulikombolea Gari

Watu wa Zinga wanasema gari lile nililitega. Wanasema nilizihamisha pedeli kwa makusudi, kisha nikakaa kumngoja Mwinyijuma kama mtu anayengoja panya. Waongo wakubwa. Pedeli nilizihamisha kwa sababu breki mpya hazikuwa na pahala pengine pa kukaa, na siku ile alipolichukua gari nilimpigia kelele mpaka koo likanikauka. Watu wazima walikuwapo, wakasikia kila neno, wakacheka. Leo hao hao waliocheka ndio wanaosema nilinyamaza.

Mimi ni Mbaruku, makanika. Nimezaliwa Bagamoyo, ingawa babu yangu alifika hapa kwa miguu kutoka Unyamwezi na pembe ya ndovu begani. Watu wa Zinga ni Wazaramo, kwa hiyo ni watani zangu, nami ni mtani wao. Mtani atakutukana, atakuvua kofia, atabeba kitu chako mchana kweupe, nawe hukasiriki wala hushitaki. Ukimpiga mtani umejivua utu. Msibani ndiko hasa kwenye kazi yetu: tunachimba kaburi, tunamwigiza maiti, tunawachekesha wafiwa, tunashika kitu cha marehemu na kukikalia mpaka wenyewe watukomboe kwa kitu kidogo, kuku au kipande cha kitambaa. Desturi hiyo sikuitunga mimi. Ningeitunga mimi, ningekuwa nimeshaifuta.

Gari lilikuwa la mzee Mwinyimvua wa Zinga, baba yake Mwinyijuma. Alilinunua kwa setla mmoja wa mkonge aliyekuwa akifungasha kwa haraka kabla ya vita vya Hitler. Lilikuwa gari la mashindano, viti viwili, halina paa, boneti ndefu iliyofungwa kwa mikanda ya ngozi. Mbio lilikuwa nazo. Kusimama ndiko kulikuwa na kazi. Breki zake zilivutwa kwa nyaya, na waya wa kushoto ulishika kabla ya wa kulia, ukikanyaga gari linakupeleka vichakani. Usukani ulitaka mabega ya mpiga makasia. Maji yalichemka kabla hujaona Mapinga. Na pedeli zake zilikuwa kwa mpango wa kizamani: klachi kushoto, pedeli ya moto, ile ya kuongezea mwendo, katikati, breki kulia. Magari yote ninayoyatengeneza siku hizi breki iko katikati na moto uko kulia. Lakini Mwinyijuma alifundishwa na baba yake katika gari lile, ujanani, na hakuwahi kuendesha jingine.

Mzee alipofariki, miaka michache baada ya vita, gari lilikuwa limeshalala bandani muda mrefu, matairi yameoza na kuku wametaga kwenye viti. Nilikwenda msibani kama inavyonipasa. Nilimpenda mzee yule, na kwa sababu nilimpenda nilimwigiza vizuri: nikavaa kofia yake, nikaingia garini nikawafukuza kuku, nikawa nafanya alivyokuwa akifanya, mwili umelala nyuma na mguu wa kulia unakandamiza breki kwa nguvu zote huku ananiita mimi nimsaidie kuomba Mungu. Watu walicheka mpaka wakalia upya. Kisha nikasema sitoki humu mpaka nikombolewe. Nilitaka kuku mmoja tu, na kuku walikuwa wanazunguka pale pale miguuni mwao.

Mwanahija, dada yake Mwinyijuma, alikuwa ameshainama kumkamata mmoja. Mwinyijuma akamzuia. Yeye alikuwa karani bomani wakati huo, amezoea kuvaa tai, na kazi yetu ile ilimtia haya mbele ya wageni wake wa Dar es Salaam.

"Mwache," akasema. "Kuku wangu ana thamani kuliko hilo dude. Lichukue, mpagazi. Si mmezoea kubeba mizigo? Beba na hilo."

Mtani hatolewi hivyo. Mtani anakombolewa hata kwa kuku kiwete, maana ukikataa kumkomboa umesema marehemu wako hana thamani. Nilisubiri mpaka arobaini ikapita, labda angejirudi. Hakujirudi. Nikaenda na ng'ombe wa kukodi, nikalivuta gari mpaka kwangu Bagamoyo, na njia nzima nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikumjibu mtu salamu.

Hasira ile ndiyo iliyolitengeneza gari. Niliapa kwamba Mwinyijuma ataliona likipita mlangoni pake limekuwa gari kuliko lilivyokuwa siku lilipozaliwa. Vitani nilikuwa katika karakana ya jeshi, nilishazifungua breki za mafuta, zile ambazo mguu unasukuma mafuta kwenye bomba na mafuta yanabana magurudumu yote manne sawasawa, bila waya. Huko Chalinze palikuwa na lori moja lililopinduka, jipya kabisa, mwenye nalo analiuza vipande vipande. Nililinunua lile boksi la usukani, jepesi, unageuza kidogo na gari linageuka mara moja. Nikachukua rejeta ya kupozea maji, pana kama mlango. Nikachukua mota ya kuwashia, ili nisipige tena hendeli kila asubuhi. Shokomzoba zilitoka kwenye gari jingine. Na breki nikazichukua zote, na pedeli zake, kama zilivyo, breki katikati na moto kulia. Sikuziwazia mara mbili. Mpango huo ndio mguu wangu unaoujua.

Mke wangu Mwajabu alinichukia siku zile, na aliniambia wazi. "Umeoa gari," alisema. "Na gari lenyewe si la kwenu." Aliuza bangili zake za fedha nikanunua matairi. Aliponipa zile fedha hakunitazama. Nikajua kwamba nikishindwa sitakuwa na mahali pa kuuweka uso wangu.

Sikushindwa. Wavuvi wa Mlingotini walikuwa wanalia kila siku samaki wao hawafiki Dar es Salaam wazima, maana lori la pale lilikuwa linatambaa na kuharibika njiani. Niliondoa kiti cha abiria, nikaweka sanduku la bati lenye barafu na magunia yaliyolowa maji. Jua likichomoza tu niko njiani na samaki, changu na kolekole, na kabla soko halijachangamka nimeshafika. Maji hayakuchemka hata siku moja. Kwenye kona za Mapinga gari lilishika njia hata kwenye mchanga, na nikikanyaga breki lilisimama pale pale nilipotaka lisimame. Nasema hivi kwa majivuno, na sioni haya. Sikuliona gari jingine pwani hii lililoweza kufanya vile. Mwajabu alipata bangili nyingine, na akaanza tena kunitazama.

Ila njia ya Dar inapita Zinga, na Mwinyijuma alikuwa amerudi kukaa kwao. Bomani alikuwa ameondolewa, sababu sikuiuliza. Alikuwa anakaa kwenye baraza ya duka, nami napita mbele yake kila siku na gari la baba yake linanuka samaki. Nilikuwa napiga honi. Ndiyo, nilipiga makusudi, ndefu, na nikamwinulia kofia. Yeye anatema mate barabarani. Baada ya muda nikaanza kukuta makumbi ya nazi yamezagaa njiani na misumari ndani yake. Nikaziba pancha, nikapiga honi ndefu zaidi. Kisha mtu akanijazia mchanga kwenye tangi nilipokuwa msikitini. Niliushusha mfumo wote wa mafuta nikausafisha, na asubuhi yake nikapita tena. Watu wa Zinga walisema ni utani mtamu. Mimi na yeye tulijua kwamba utani ulikwisha siku ile aliyoninyima kuku.

Akaja Ijumaa moja baada ya sala. Gari lilikuwa uani kwangu, nimeliosha, nami nimekaa chini naisafisha ile hendeli ya zamani, chuma kirefu ambacho sikukihitaji tena ila nilikihifadhi. Alikuja na binamu zake na kundi la watu walionusa kwamba kuna jambo. Hakubisha hodi. Kwapani alikuwa na kuku, jike, mweupe, amefungwa miguu.

"Nimekuja kumkomboa baba yangu," akasema.

"Umechelewa," nikamwambia. "Arobaini imepita, na miaka imepita juu yake. Baba yako ulimwacha kwangu mwenyewe, watu wote wakisikia."

"Kuku ni kuku." Akamtupa yule kuku miguuni pangu. "Na kama humtaki, basi mimi pia ni mtani wako. Au utani unakwenda upande mmoja tu? Leo nakalia mimi."

Akaruka akaketi kwenye gari. Watu wakashangilia. Kwao ilikuwa imekaa sawa kabisa: mtani kachukua, na mtani mwenzake kachukua tena. Binamu mmoja akanipiga begani akasema, "Umepatikana leo, Mnyamwezi!" Ningesema nini? Ningekwenda kumshitaki? Liwali mwenyewe angecheka. Mtani hashitakiwi.

Nilisimama, na ile hendeli iko mkononi. Nakumbuka uzito wake. Nilimwendea hasa, na Mwinyijuma aliniona, akaacha kucheka kidogo. Kisha mtu nyuma akasema, "Aa, Mbaruku, mtani hapigwi!" Nikasimama. Nilikuwa mtu mzima katika mji wangu, na mke wangu amesimama mlangoni. Nikaishusha ile hendeli.

Zamani, bila hendeli ile gari lisingewaka, na yeye angebaki amekaa pale kama bwana harusi aliyeachwa. Lakini nilikuwa nimelitia mota ya kuwashia. Akabonyeza kitufe, likawaka mara moja.

Akatia gia, akaachia klachi, na mguu wake wa kulia ukaenda katikati ulikozoea kuutafuta moto. Akaikanyaga breki. Gari likaruka kidogo likazimika. Watu wakapiga makofi. Akawasha tena, likazimika tena. Hapo ndipo nilipoona. Hasira ilinitoka nikashikwa na hofu, nikaenda nikashika mlango wa gari.

"Mwinyijuma, sikiliza," nikasema. "Pedeli si zile. Breki imehamia katikati. Kulia ni moto. Ukienda polepole utakumbuka, lakini ukishtuka mguu wako utakwenda kulia kutafuta breki, na gari litaruka. Utakufa. Shuka, mwanamume wewe, utakufa."

Alinitazama. Kwa muda mfupi nilidhani amenielewa. Kisha akatabasamu na kuwageukia watu.

"Mnamsikia? Mtani wangu ananitisha kwa kifo!"

Wakaangua kicheko. Nikapaza sauti, nikaapa kwa Mungu, nikapiga boneti kwa kiganja. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka, wengine wanajishika mbavu, maana mtani anayelilia kitu chake ni kichekesho kikubwa kuliko vyote. Mwajabu peke yake alikuwa anasema, "Msikilizeni, jamani, hasemi utani," na wanawake wakamwambia naye anajua kuigiza.

"Nikifa," akasema Mwinyijuma, "njoo unichimbie kaburi. Si ndiyo kazi yako?"

Akakanyaga kulia, polepole, na gari likatoka. Alikuwa ameshapata akili ya pedeli, ndivyo alivyodhani. Nilimwona akipinda kwenye kona ya soko vizuri kabisa, usukani wangu mwepesi ukimtii. Nikachukua baiskeli ya jirani nikamfuata. Yule kuku alibaki uani, amefungwa miguu.

Yaliyotokea sikuyaona, nimeyasikia kwa waliokuwapo. Mwinyijuma alikuwa ameshawatangazia watu wa Zinga kabla ya kuondoka kwamba atalirudisha gari la baba yao. Jamaa zake wakatoka nje, wakajaa barabarani pale njia inaposhuka kuelekea mtoni, na Mwanahija mbele yao na kanga ya kupunga. Walipomwona juu ya mteremko wakapiga vigelegele. Alikuja kwa mbio, maana alitaka waone. Walitarajia atasimama, naye alitarajia hivyo hivyo. Watu wakawa karibu kuliko alivyopima, akashtuka, na mguu wake ukafanya kile ulichofundishwa na baba yake. Ukaenda kulia, kwa nguvu zote.

Gari likaruka mbele. Akageuza usukani kuwakwepa, akageuza kwa mabega, kama ulivyokuwa unatakiwa ule wa zamani. Wangu haukuhitaji mabega. Ukageuka wote, na gari likaingia shambani likaugonga mkorosho. Hakuguswa mtu mwingine yeyote. Nilipofika na baiskeli walikuwa wameshamtoa na kumlaza kwenye kanga ya dada yake, na alikuwa amekwisha.

Nikalitazama gari. Boneti ilikuwa imejikunja mpaka kwenye kiti, rejeta imepasuka, na maji yanatiririka kwenye majani makavu. Nikaipapasa ile pedeli ya kulia kwa mkono. Ilikuwa imepinda. Hata chuma kilikuwa kimekandamizwa mpaka kikashindwa.

Maziko yalikuwa kesho yake. Mwajabu aliniambia nisiende. Nikamwambia nisipokwenda watasema niliogopa, na tena kuna kitu chao kwangu. Nikamfungua yule kuku mweupe miguu, nikamtia kwapani, nikaenda naye Zinga. Kaburi nililichimba mimi na Wanyamwezi wenzangu, kama alivyoniagiza. Kisha nikaenda nyumbani kwao, nikasimama mlangoni, mahali ambapo mtani husimama kulizuia jeneza.

Nikaona nyuso zao zinabadilika. Walikuwa wamelia tangu jana, na sasa wananitazama kwa hamu, wanangoja. Wamefikiwa na mtani wao, tena na kuku kwapani. Mmoja wa wale binamu, macho yamevimba, akasema, "Haya, Mbaruku. Tuigizie. Alikanyagaje?"

"Siigizi," nikasema. "Nimekuja kumrudisha kuku wenu. Sikumpokea. Gari lilikuwa langu, na nilimwambia asiliendeshe. Nilimwambia asikanyage kulia!"

Wakacheka.

Kwanza wachache, kisha nyumba nzima. Nikasema, "Wallahi nilimwambia! Nilimwambia atakufa!" na kicheko kikapanda, kile kicheko cha watu waliochoka kulia, wanaume wamejiegemeza ukutani, kina mama ndani wanafuta machozi kwa ncha za kanga. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nalo hilo likawachekesha. Mzee mmoja akaniambia, "Mungu akulipe, mtani, umetupunguzia." Sijawahi kuwachukia watu namna ile.

Mwanahija akatoka ndani. Yeye hakuwa anacheka. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu sana.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia. Mbele ya watu wote."

"Na ulikuwa na hendeli mkononi."

Sijui nani alikuwa amempa habari hiyo. "Nilikuwa nayo," nikasema.

"Ungempiga nayo," akasema Mwanahija. "Ungemvunja mguu. Angejua kwamba hilo si utani."

Wakacheka hata hapo. Walidhani naye ananitania. Kati ya watu wote wa Zinga yeye peke yake aliniamini, na mpaka leo tukikutana njiani anageuza uso.

Akanyoosha mikono, akampokea kuku. Kumpokea maana yake hakukuwa na kukombolewa, na gari ni langu, lilikuwa langu siku zote. Akasogea kando na kuku wake. Nami nikasogea upande wangu, jeneza likapita katikati yetu.